Hodi ya Tatu

Karatasi yenyewe nilikabidhiwa Nachingwea, sokoni, nikiwa na ming'oko mdomoni, ile mizizi yetu ya porini. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mama anayeichemsha, vidole vimejaa chumvi na pilipili, nakula kama mtu aliyetoka kifungoni, kwa sababu Dar es Salaam ming'oko huipati kirahisi, na ukiipata imeshachoka na safari. Kijana anayesimamia ziara za okestra yetu akaja akanipa karatasi, ameishika kwa ncha za vidole. Akasema nitaisoma kesho kule Ruangwa kabla hatujaanza kupiga. Mimi ndiye mwongozaji, na tena ni mwenyeji, kwa hiyo watanisikiliza.

Nikaisoma palepale. Wasikilizaji wanaombwa kukaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho. Wasipige makofi katikati. Wasipige vigelegele. Wasisogee mbele, wasiimbe pamoja na wapigaji, wasigonge miguu. Kijana hakuwa na nia mbaya. Alisema huo ni utaratibu wa kumbi zote za muziki huu duniani, ila watu wa huku hawajauzoea. Nikamuuliza hawajazoea nini. Akasema, hawajazoea muziki wenyewe.

Rafiki yangu, nilicheka mpaka mama wa ming'oko akaniletea maji. Kisha kicheko kikaisha, hasira ikabaki. Wimbo tuliokuwa tunakwenda kuupiga Ruangwa, ule mrefu wa Mjerumani wa kale, watu wa huku waliuimba ndani ya ukumbi uleule kabla kijana yule hajazaliwa. Nina hakika kwa sababu nilikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na moja, sauti ya pili, mstari wa mbele, wa mwisho kushoto.

Nilikulia kijiji kimoja cha Mnero, karibu na kanisa na zahanati. Sisi nyumbani ni Waislamu. Baba alikuwa na mikorosho na shamba la ufuta, na alikuwa mtu wa msikitini kwa vipindi vyote vitano. Lakini ukikaa Mnero kanisa utalisikia tu, upende usipende. Jioni, wakati tunaokota mabibo yaliyoanguka na mikono inanuka ule utamu wake mkali usiotoka hata kwa sabuni, kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi, na sauti nne zilikuwa zinapita juu ya mikorosho mpaka jikoni kwetu.

Mwongoza kwaya alikuwa pia mwalimu wetu wa hesabu shuleni. Alikuwa mrefu, mpole, shati amelifunga vifungo mpaka shingoni hata mwezi wa kumi na moja jua likiwaka vile. Kijiti chake cha kuongozea kilikuwa spoku ya baiskeli, ameichomeka kwenye kipande cha mkorosho alichokichonga mwenyewe. Hakuwahi kuona fidla kwa macho yake. Alikuwa ameziona kwenye picha ya kalenda, na darasani, tukimaliza kugawanya na kuzidisha, alitueleza habari za okestra: kwamba ni watu wengi waliokaa nusu duara, kila mmoja na chombo chake, na mtu mmoja amesimama katikati hana chombo chochote, ila bila yeye hakuna kinacholia. Alikuwa akilisema hilo la mwisho taratibu sana. Hata sisi watoto tulijua anajisemea mwenyewe.

Kila kitu alikijua kutoka kwenye kaseti moja. Alipewa na sista mzee wa zahanati, Mzungu, wakati anarudi kwao. Upande mmoja wa kaseti kulikuwa na wimbo ule, okestra na kwaya, robo saa nzima. Redio kaseti ya mwalimu ilikula betri kama mbuzi anavyokula majani ya mihogo, kwa hiyo kazi yetu wanafunzi ilikuwa kuzianika betri juani juu ya bati ili zipate nguvu za siku moja zaidi. Alisikiliza, akaandika noti ubaoni, akafuta, akasikiliza tena. Ilimchukua msimu mzima wa korosho. Maneno ya Kijerumani hakuyaweza, basi akatufundisha kuimba kwa majina ya noti tu, do re mi, mwanzo hadi mwisho.

Hilo ndilo lililoniingiza mimi kwenye kwaya. Mwalimu alikuwa anatafuta sauti za watoto, akaja nyumbani kuniomba. Baba akakataa, mtoto wake hataimba nyimbo za kanisa. Bibi yangu alikuwa uani anapeta kunde, hakuinua hata uso. "Wimbo wenyewe hauna maneno," alisema. "Huyu mtoto atakufuru kwa do?" Baba akachukua kofia yake, akaenda kuswali. Kesho yake nikaenda mazoezini, na bibi akanifuata na ungo wake.

Tangu siku hiyo bibi hakukosa hata mara moja. Alikaa kwenye baraza ya kanisa, nje, anachambua kunde zake na kusikiliza. Wimbo ukimkolea aliacha ungo, akainuka, akaingia mpaka mbele, akamfuta mwalimu jasho la uso kwa ncha ya kanga, akarudi kukaa. Ndivyo kwetu tunavyosikiliza. Mtu anapofanya kazi nzuri mbele yako huwezi kukaa tu umemkodolea macho. Mcheza kwao hutunzwa, na bibi alikuwa hana cha kutunza isipokuwa kanga. Mwalimu aliinamisha kichwa afutwe, mkono wa spoku ukiendelea na kazi yake.

Wimbo ulikwenda kwa mapigo matatu matatu, na wakubwa wa kwaya yalikuwa yanawashinda. Siku moja mwalimu alikuwa anapita nyuma ya nyumba yetu akasimama ghafla. Mama, bibi na jirani yetu walikuwa wanatwanga makopa ya muhogo mkavu kwenye kinu kimoja, michi mitatu kwa zamu. Alisimama pale mpaka chai aliyokaribishwa ikapoa. Jumamosi yake akaileta kwaya yote uani kwetu, watu thelathini wamesimama mbele ya kinu, akawaambia wasiimbe, watazame michi. Baada ya hapo hakuna aliyekosea tena, isipokuwa jirani yetu. Yeye alikuwa mwanakwaya, sauti ya pili kama mimi, ana sauti tamu ajabu, lakini mchi wake ulikuwa unachelewa. Kidogo tu, lakini kila mara. Mwalimu alimtazama siku moja akamuuliza kwa upole, "Mama, mkono wako una shughuli gani nyingine?" Uani kote tukacheka, na jirani mwenyewe akacheka kuliko wote.

Sasa nikupeleke kwenye lile jambo lenyewe. Katikati ya wimbo, sauti zikiwa zimepanda mpaka juu kabisa, kulikuwa na kipande kifupi kilichorudiwa mara tatu, kilekile, noti kwa noti. Kisha kinasikika kishindo kimoja kizito, ndii, halafu wimbo unafunguka kana kwamba hakikutokea kitu. Mwalimu alikipenda kipande kile kuliko vyote. Alitueleza kwamba hapo mtunzi anabisha hodi. Kwetu hodi ni tatu. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, na usipojibiwa adabu ni kugeuka uende zako. Lakini mtunzi huyu amebisha zote tatu hakujibiwa, na hakugeuka. Akapiga mguu, halafu akaingia. Kwa hiyo na sisi tulirudia mara tatu, kisha tukapiga mguu wa kulia chini, wote pamoja, vumbi la sakafu likapanda. Mguu wa jirani ulifuata peke yake.

Mwezi wa kumi tukaenda Ruangwa kwenye mashindano ya kwaya. Tulipanda lori, tukakaa juu ya magunia ya korosho, tukaimba njia nzima mpaka vumbi jekundu likatukausha koo. Tulibeba mihogo ya kuchemsha na njugu mawe, na bibi alibeba kanga mpya ambayo haijafuliwa hata mara moja. Kwaya itakayoshinda ingepelekwa Dar es Salaam, iimbe pamoja na okestra. Mwalimu alikuwa ametuambia hilo mara moja tu na hakulirudia. Lakini spoku yake aliisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa, na njiani aliishika mkononi, hakuiweka mfukoni.

Tuliimba asubuhi. Ukumbi ulijaa, watu wamekaa hadi madirishani. Kwenye hodi ya tatu, tulipopiga mguu, ukumbi wote ukapiga vigelegele, bibi akapanda mbele na kanga yake mpya, watu wakaanza kuufuata wimbo kwa midomo. Nilijua tumeshinda. Mtoto anajua vitu hivyo.

Jaji alitoka mjini, mtu aliyesomea muziki. Baada yetu akamwita mwalimu pembeni, na mimi nilikuwa karibu kwa sababu nilipewa kushika redio kaseti. Aliuliza ule wimbo tumeupata wapi, mwalimu akamwekea. Jaji akasikiliza mpaka pale kwenye hodi, akacheka. Sitamsingizia, hakucheka kwa dharau, alicheka kama mtu aliyekutana na kitu asichokitarajia. "Mwalimu," alisema, "hii ilinakiliwa kutoka kwenye santuri iliyokwaruzika. Hapo sindano ilinasa ikarudia mara tatu, mtu akagonga kisanduku ndipo ikaendelea. Huyu mtunzi hakuandika hivyo."

Jaji akaendelea kueleza, tena kwa heshima. Sauti zetu ndizo bora alizozisikia siku hiyo. Kama mchana, kwenye mzunguko wa mwisho, tungerudi jukwaani tukaimba bila yale marudio na bila mguu, na watu wetu wakae kimya bila kupanda jukwaani, basi yeye mwenyewe angehakikisha tunakwenda Dar es Salaam. Alimshika mwalimu bega, akaondoka. Nikamwona mwalimu wangu anafungua kifungo cha juu cha shati lake. Sikuwahi kumwona akikifungua kabla ya hapo.

Chakula cha mchana hakula. Alitukusanya nyuma ya ukumbi akatueleza yote, hakuficha hata neno moja: mkwaruzo, sindano, mtu kugonga kisanduku. Alisema kosa ni lake. Akasema kipande kinafutika kwa dakika tano za mazoezi, halafu akatuuliza tunasemaje. Watu thelathini walitazama chini. Mimi nilikuwa nataka kusema tufute, tufute, twende Dar. Nilitamani kuiona bahari na maghorofa na hizo fidla, nikakosa ujasiri wa kufungua mdomo.

Aliyefungua mdomo ni bibi, ambaye hata kwenye kwaya hakuwemo. "Mwalimu, asubuhi tumebisha, watu wakaitika. Anayeitikiwa hodi halafu akaondoka kimyakimya ni mwizi," alisema. "Sisi hatukuja kuiba."

Mchana tukapanda tena. Hatukujua ataamua nini, alituambia tu tutazame spoku. Watu ukumbini walikuwa wameonywa, wamekaa kimya mpaka unasikia kuku wa nje. Tukaimba. Tulipofika juu kabisa niliitazama spoku mpaka macho yakaniuma. Ikashuka kwa hodi ya kwanza. Ikarudi kwa ya pili. Kwenye ya tatu mwalimu akatupa mgongo, akageukia ukumbi, akaunyoosha mkono kwao kama vile nao ni kwaya, akapiga mguu. Na ukumbi wote, wazee, akina mama, walioko madirishani, wakapiga. Mabati yalitikisika. Kisha jirani yetu akapiga wa kwake, peke yake, amechelewa, na watu wakafurahi kupita kiasi. Bibi alikuwa ameshafika mbele na kanga.

Kwaya nyingine ikaenda Dar es Salaam.

Kwenye lori la kurudi mwalimu alikaa nyuma kabisa. Alisema maneno matatu tu njia nzima, "Nimewanyima Dar, nisameheni." Mimi sikumsamehe. Nakwambia ukweli, nilimnunia karibu mwaka mzima, kwenye hesabu nilikuwa nikijibu nimeinamisha kichwa. Nilimwona mtu mkaidi aliyekitupilia mbali kitu kizuri kwa ajili ya mkwaruzo wa santuri. Ilinichukua miaka mingi, sekondari, chuo, kisha kazi hii, kuelewa kwamba yeye ndiye aliyepoteza kikubwa zaidi. Sisi tulikosa safari. Yeye hakusimama mbele ya okestra mpaka anaingia kaburini.

Na kazi hii ninayoifanya ni ile aliyotueleza darasani, ya mtu anayesimama katikati hana chombo. Mara ya kwanza nilipomwambia bibi kwamba mjini naitwa kondakta, aliniuliza basi lenyewe linakwenda wapi. Nilipomfafanulia aliuliza swali moja lingine, nani ananifuta jasho. Nikamjibu kwamba huko hakuna, watu wanakaa kimya. Alinionea huruma kwa moyo wake wote.

Nimekaa kwenye ukimya huo miaka mingi. Ninauheshimu, una uzuri wake, na kuna nyimbo zinazouhitaji. Lakini nimewaona pia watu wanaoketi kimya kwa woga, wanamchungulia jirani wajue kama ni wakati wa kupiga makofi, wanatoka ukumbini wamechoka kwa adabu. Kisha watu haohao wanakuja kuniambia huku kwetu hawajazoea. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga, na mimi mbacha wangu siuachi, hata nikipewa msala wa hariri.

Kwa hiyo kabla ya ziara hii, nikiwa Dar, nilichukua penseli nikaandika hodi tatu na mguu kwenye karatasi za noti za kila mpigaji. Mpiga fidla wa kwanza alinifuata akasema hilo halikuandikwa. Nikamwonyesha kwa kidole kwamba limeandikwa, tena mwandiko ni wangu. Tukabishana siku mbili. Mwisho wakakubali tupige hivyo Ruangwa tu.

Na ile karatasi ya masharti? Mama wa ming'oko alikuwa ameishiwa vifungashio. Nilimpa, akanifungia ya njiani.

Ukumbi wa Ruangwa sasa una vigae na viti vya plastiki, na feni tatu, moja inazunguka. Nilifika mapema nikamtafuta mtu yeyote ninayemfahamu, nikaona sura ngeni. Vijana na simu zao. Watumishi wa ofisi za wilaya. Nyuma kabisa familia za wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa, wamesimama na fimbo zao ingawa viti vilikuwepo. Kijana wetu wa ziara alinitazama, akingoja nisome. Nilisema karibuni, nikageuka, nikainua mkono.

Hakukuwa na haja ya karatasi. Walikuwa kimya. Sehemu ya kwanza ikaisha, hakuna aliyepiga hata kofi, nikaona tu simu zimeinuliwa juu zinanitazama. Niliumia, rafiki yangu. Nilikuwa nimejiandaa kupigana na masharti, kumbe masharti yalishafika kabla yangu. Mwalimu hayupo, bibi hayupo. Kinu chetu kimegeuzwa chombo cha kunyweshea kuku, unga unasagwa mashineni. Kanisani Mnero, nimeambiwa, kinanda cha umeme kinajipigia mapigo chenyewe, hakuna mwenye haja ya kutazama michi mitatu. Kaseti sijui iliko. Nilijiona mjinga niliyekuja na hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Lakini mkono ulikuwa umeshainuka, nao ulifundishwa na mtu mkaidi. Tukapanda juu kabisa. Hodi ya kwanza, fidla zikabisha. Ya pili. Kwenye ya tatu nikawapa wapigaji mgongo, nikageukia ukumbi, nikaunyoosha mkono kwao, nikapiga mguu kwenye kigae kwa nguvu zangu zote. Nyuma yangu okestra ikapiga. Mbele yangu wale wafugaji wakagonga fimbo zao chini, hawakuwa wamefundishwa na mtu, walielewa tu. Kijana mmoja akashusha simu akapiga wa kwake. Wakafuata kumi, labda ishirini. Kisha kimya.

Na ndani ya kimya kile, mstari wa tatu kutoka ukutani, mguu mmoja ukapiga peke yake. Umechelewa. Kidogo tu.

Alikuwa amejifunika kanga, mzee kabisa, mkongojo umelala mapajani. Ananitazama bila kucheka, kama mtu aliyefika kazini. Mama, nilimwambia moyoni, mguu wako una shughuli gani nyingine? Jasho lilikuwa linanimwagikia machoni, na hakukuwa na mtu wa kupanda na kanga. Nikajifuta mwenyewe kwa mkono wa shati, nikawageukia wapigaji. Halafu tukaingia.